Niichakachue PSP yangu au niiache ilivyo?

SWALI: Kaka shikamoo, mi nina PSP 3000, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, ya mtumba, kioo kizima, vitufe vizima, shida iko kwenye diski, saa nyingine inasoma saa nyingine inaunguruma tu mpaka nakata tamaa. Kwenye taarifa za mfumo inaonyesha 6.61. Rafiki yangu mmoja anasema niweke famuwea (programu inayoendesha mashine yenyewe) ya kuchakachua nicheze kwenye memori kadi, mwingine anasema itakufa na haiwaki tena milele. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ichakachue, ila kwa njia ile ya muda, usikimbilie ya kudumu. Na ifanye mapema kabla hicho kisoma diski hakijafa kabisa, ntakwambia kwa nini.

Hiyo 6.61 ndo famuwea ya mwisho Sony waliyoitolea PSP, ya 2015, kwa hiyo hakuna apdeti itakayokuja kukuharibia kazi. Kwenye 3000 watu wengi wanatumia ile ya muda, unaweka folda yake ndani ya PSP/GAME kwenye memori, unaifungua kama unavyofungua gemu, skrini inazima kidogo inarudi na tayari uko ndani. Ukizima kabisa, yani unashikilia swichi juu sekunde kadhaa, inarudi 6.61 ya kawaida na itabidi uifungue tena. Ukiisukuma swichi mara moja na kuachia inalala tu, ukiiamsha kila kitu kipo. Watu wanaona huo ni usumbufu, mi naona ndo kinga yako, maana haigusi ile sehemu ya mwanzo kabisa PSP inayoanzia kuwaka, ukiharibu kitu mara nyingi unazima na unawasha unarudi salama. Ya kudumu inagusa huko huko, na chaji ikikata katikati ya kuandika ndo basi.

Sasa faida. Ukishachakachua unachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, kwenye mipangilio unachagua kwamba USB isome diski badala ya memori, diski yako inatokea kama faili moja la ISO, yani nakala ya diski nzima, unalikopi unaliweka kwenye folda la ISO kwenye memori. Ndo maana nakwambia wahi, kisoma diski kikishagoma moja kwa moja hutakuwa na cha kukopi. Gemu likitoka kwenye memori linafunguka haraka, kelele hakuna, na chaji inadumu zaidi kwa sababu hakuna mota ya kuzungusha diski. Tena unaweza kupandisha prosesa mpaka 333 MHz, gemu nyingi zilitengenezwa kwa 222, kwa hiyo zile zinazokwamakwama zinalainika, ingawa hapo chaji utailipia.

Kudanlodi gemu ambazo hujanunua mi sikushauri, waliozitengeneza walifanya kazi. Hata kukopi ya kwako mwenyewe sheria zinatofautiana nchi na nchi, angalia ya kwako.

Kabla hujagusa chochote kopi folda la PSP/SAVEDATA kwenye kompyuta, humo ndo zimo gemu zote ulizosevu. Chaji ijae na waya ukae umechomekwa. Hakikisha ulichodanlodi kimeandikwa 6.61, cha toleo jingine kiache. Halafu plagini, zile programu ndogo za nyongeza, weka moja moja, usizijaze zote siku moja maana ikigoma hutajua ipi imeleta shida.

SWALI: Mimi nilishachakachua PSP 2000 yangu zamani, juzi nikabadilisha fonti kule flash0, sasa taa ya kijani inawaka, skrini nyeusi, halafu inajizima. Ndo imekufa?

JIBU: Pole sana. Flash0 ndo inakaa famuwea yenyewe, na PSP nyingi zimekufa kwa ajili ya fonti na themu tu, inauma kwa kweli. Ila wewe mwenye 2000 bado una tumaini, kuna njia ambayo 3000 haiikubali. Tangu 2007 kuna betri inaitwa Pandora, ni betri ya kawaida iliyobadilishwa namba yake ya ndani ikawa F tupu, PSP ikiiona inadhani iko kwa fundi wa kiwandani inaacha kuwaka kutoka ndani inawaka kutoka kwenye memori kadi iliyoandaliwa. Tatizo ni kwamba 2000 za mwishomwishoni zenye bodi ya TA-088 v3 zilizibwa, hizo hazikubali. Azima kwa mtu betri na memori yake ujaribu kabla hujatoa hela kwa fundi. Ukiiweka itajiwasha yenyewe, na taa ya memori ikianza kupepesa ujue inasoma, usichomoe kitu mpaka imalize.