Maswali ya Wasomaji: Nani Hasa ni Mtaalamu wa Lishe?

SWALI: Mama yangu ana kisukari na anameza glibenklamaidi kila asubuhi. Kuna mtu mtandaoni anayejiita mtaalamu wa lishe. Amempa karatasi inayosema aache wanga wote, tena anamuuzia unga wa protini. Nitajuaje kama kweli amesomea kazi hiyo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Tuanze na usalama wa mama. Glibenklamaidi hulazimisha kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Akiacha ugali, wali na chapati ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka vibaya: anatoka jasho, anatetemeka, maneno yanamchanganya. Kipimo kikionyesha chini ya 3.9 mmol/L, mpeni vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini mpeni tena. Ikipanda, ale chakula na aonwe na daktari siku hiyohiyo, kwa sababu dawa hii hukaa mwilini kwa muda mrefu na sukari huweza kushuka tena. Akiwa hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Ndiyo maana mtaalamu wa lishe aliyefunzwa hagusi wanga wa mgonjwa kabla ya kuuliza anatumia dawa gani, na dozi humwachia daktari aibadilishe. Ataomba kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 na kipimo cha kreatinini cha figo. Atapima uzito na urefu. Atauliza mama alikula nini jana tangu alipoamka hadi alipolala, kwa sahani gani, nani anapika, na pesa ya chakula ni kiasi gani. Huyo wa mtandaoni aliuliza lipi kati ya hayo?

Unga wa protini nao usichukuliwe kirahisi. Mwenye kisukari ambaye figo zimeanza kudhoofika hushauriwa protini karibu gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 ni gramu 48 kwa siku, na chakula cha kawaida huzitimiza. Akianza kusafishwa damu kwa mashine, mahitaji yanapanda hadi gramu 1.0 au 1.2 kwa kilo. Mgonjwa ni yuleyule, ushauri umegeuka. Karatasi moja ya kila mtu haiwezi kubeba hayo.

Kuhusu usajili: Kenya ina sheria ya mwaka 2007 iliyounda taasisi ya wataalamu wa lishe, KNDI. Wenye cheti, diploma na shahada husajiliwa kila mmoja kwa daraja lake, na leseni ya kazi huhuishwa kila mwaka. Kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Mwombe namba yake ya usajili, kisha uihakikishe KNDI wenyewe. Kozi ya wiki chache ya mtandaoni haimpi mtu haki ya kutibu kisukari kwa chakula, hata awe na wafuasi wengi namna gani.

Siku ya miadi nendeni na dawa zenyewe, si majina ya kukumbuka, pamoja na vipimo vya sukari vya siku 7: kabla ya kula na muda wa saa 2 baada ya kula.

SWALI: Mtoto wangu wa miezi 14 amepimwa mkono kwa utepe, ikasoma manjano. Nimtafute mtaalamu wa lishe tiba wa hospitali kubwa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, anzia kituo cha afya kilicho karibu. Manjano ni sentimita 11.5 hadi chini kidogo ya 12.5, yaani utapiamlo wa kadiri, na hiyo ni kazi ya kila siku ya afisa lishe au muuguzi wa kliniki ya watoto. Lishe tiba ya wodini ni ya mtoto mwenye matatizo makubwa zaidi, kwa mfano aliyekataa kula kabisa.

Jambo moja fanya leo nyumbani. Bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili, si upande wa kukanyagia, kwa kidole gumba, hesabu sekunde 3, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali hata kama utepe umesoma kijani. Mpeleke hospitali leo hii, usingoje siku ya kliniki.