Chupa 108 na Rafu Iliyokuwa Tupu

SWALI: Mimi ni mchambuzi wa data katika kampuni ya supamaketi hapa Nairobi, na hivi karibuni nimepandishwa cheo kuwa mhandisi mwandamizi wa mifumo ya taarifa za biashara, upande wa bei. Ripoti yangu ya kwanza ilihusu mafuta ya kupikia ya lita mbili, ambayo tawi moja liliyapandisha kutoka shilingi 580 hadi 609. Wiki ya kabla ya hapo ziliuzwa chupa 280, iliyofuata, 108. Niliwaandikia wakurugenzi kwamba bei imeporomosha mauzo kwa asilimia 61, nao wakairudisha ya zamani. Baadaye meneja wa tawi akanieleza kwamba kwa siku nne mafuta hayo hayakuwapo rafuni. Nimekosea wapi, ilhali msimbo wangu wa SQL (lugha ya kuchotea data) haukuwa na hitilafu? Na wadhifa huu unadai nini zaidi ya niliyokuwa nikifanya?

JIBU: Ulikosea pale ulipoichukulia siku isiyo na mauzo kuwa siku isiyo na wateja. Mashine ya kaunta hurekodi kilichouzwa tu. Mteja aliyefika, akakuta rafu tupu, akachukua mafuta ya kampuni nyingine, hakuacha alama yoyote katika data unayoichambua.

Hebu turudie hesabu. Chupa 280 kwa siku saba ni 40 kwa siku, na chupa 108 kwa siku tatu ambazo mafuta yalikuwapo ni 36 kwa siku. Mauzo yalishuka kwa asilimia 10 baada ya bei kupanda kwa asilimia 5. Tuseme kampuni huinunua chupa kwa shilingi 450 bila kodi: bei ya 580 ikitolewa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 hubaki 500, na ile ya 609 hubaki 525, hivyo faida ghafi ilitoka shilingi 2,000 kwa siku ikafika 2,700. Wakurugenzi waliiacha bei iliyokuwa ikiwaingizia zaidi. (Ili kutoa VAT, gawanya kwa 1.16, anayekata asilimia 16 ya 609 hupata 511.56, na kosa hilo nimelikuta katika ripoti za watu wenye uzoefu mkubwa.)

Hata hivyo, usikimbilie kuwaandikia barua ya pili. Siku tatu za tawi moja ni chache mno, hasa zikiwa zimeangukia mwisho wa mwezi watu wanapopokea mishahara. Linganisha siku zilezile za juma, tena na matawi ambayo hayakubadilisha bei. Vilevile mafuta ya kupikia, kama unga, sukari na maziwa, ni bidhaa ambazo mnunuzi anazijua bei kwa kichwa na huzitumia kulipima duka zima, kwa hiyo hasara ya kuipandisha bei inaweza kuonekana katika bidhaa nyingine za kikapu kilekile wakati chupa yenyewe inaonyesha faida.

Sasa kuhusu wadhifa. Mchambuzi hupewa jedwali akalijibia swali. Mhandisi mwandamizi ndiye anayeamua jedwali hilo liwe na nini. Neno “bei” peke yake lina maana nne katika kampuni yako: iliyoidhinishwa ofisini, iliyoandikwa kwenye lebo ya rafu, iliyolipwa kaunta baada ya ofa, na ile ya kununulia. Kila moja iwe na safu yake, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kukoma, kwa sababu bei ya zamani ikifutwa na mpya hakuna atakayeweza kueleza mauzo ya mwaka jana. Kiwango cha kodi nacho kihifadhiwe hivyo hivyo. Kenya ilishusha VAT hadi asilimia 14 tarehe 1 Aprili 2020, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021, aliyeandika 1.16 ndani ya msimbo anapunja faida ya miezi tisa bila mfumo kumwonya. Chupa iliyobaki shilingi 580 rafuni wakati huo ilikuwa na thamani ya takriban 508.77 bila kodi, si 500.

Dashibodi nzuri, yaani kurasa za chati na takwimu, utazitengeneza, hilo halinipi wasiwasi. Anza na kazi isiyoonekana: unganisha rekodi za stoo na za mauzo kwa kila tawi na kila siku, ili siku ambayo bidhaa haikuwapo itiwe alama na isiingie katika wastani. Ujue pia kwamba stoo inaweza kuonyesha chupa 20 ilhali zimo nyuma katika maboksi ambayo hayajafunguliwa, na hilo huwezi kulijua ukiwa ofisini. Mtumie yule meneja rasimu ya kila ripoti inayohusu tawi lake siku moja kabla haijafika kwa wakurugenzi.