Barua za babu zilikata 1944

SWALI: Shikamoo mhariri, mi niko Tabora, babu alienda vita ya Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), bibi akawa anapata barua zake ila 1944 zikakata tu, ntajuaje kama alikufa ama Wajapani walimteka?

JIBU: Marahaba. Tafuta namba yake ya jeshi kwenye zile bahasha (msizitupe jamani hata kama mchwa wamezipitia), afu ingia tovuti ya Commonwealth War Graves Commission (tume inayotunza majina na makaburi ya askari waliokufa vitani), ni bure, jaribu jina kwa spelingi zote maana makarani waliandika walivyosikia. Kama alikua kikosi cha mizinga, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na manowari ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, wakafa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Kuhusu kutekwa, waandikie Msalaba Mwekundu kule Geneva.