Maswali yenu ya theluji: kiwango cha 3 si "katikati"

Barua za wiki hii nyingi zimetoka Uswisi, kwa ndugu zetu walioanza kuipenda milima ya huko.

Jumamosi hii mlimani ni salama? (Zürich)

Mlima upi? Upande upi, mita ngapi juu? Nimekwisha kuomba mara kadhaa: msiniletee swali lisilo na mahali. Taasisi ya SLF ya Davos, inayochunguza theluji, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kila siku ya majira ya baridi, saa 11 jioni na tena saa 2 asubuhi, kwa lugha nne, bure, na ipo kwenye programu ya simu ya White Risk. Isome hiyo ya siku yenyewe, yote, si ile namba ya kiwango cha hatari, 1 hadi 5, peke yake.

Taarifa ilisema 3 kati ya 5. Nilipokataa kutoka nje ya njia zenye alama, wenzangu walinicheka wakasema ni wastani tu. Nilikosea? (Dada, Chur)

Hukukosea, dada, na usikubali kuchekwa kwa hilo. Hatari haipandi sawasawa kutoka namba hadi namba. Kila hatua inaruka sana. Wenyewe kwa Kijerumani wanakiita kiwango cha 3 *erheblich*, yaani kikubwa, kisichopuuzika. Nchini Uswisi kiwango hiki hutangazwa takriban siku 30 katika kila 100 za msimu, na karibu nusu ya vifo vya maporomoko hutokea katika siku hizo. Kwenye 5 watu hujifungia ndani. Kwenye 3 jua linawaka, theluji mpya inang'aa, na alama za waliotangulia zinakuita. Alama hizo zisikudanganye. Watu tisa wanaweza kupita salama, wa kumi akakanyaga mahali ambapo theluji ni nyembamba, mteremko mzima ukaachia.

Theluji hulala kwa tabaka. Ikianguka kidogo mwanzoni mwa msimu, kisha zikafuata wiki za anga tupu na baridi kali, ile ya chini, iliyokaa juu ya ardhi yenye joto kidogo, hugeuka punje kubwa zisizoshikana, kama chumvi ya mawe. Baadaye dhoruba na upepo huweka bamba zito juu yake. Mwaga mchele mkavu sakafuni, tandika mkeka juu yake, halafu fikiria sakafu hiyo imeinama. Uzito wa mtu mmoja unatosha kuanzisha ufa, na ufa hukimbia kuliko wewe. Ndiyo maana takriban tisa katika kumi ya wanaokumbwa waliporomosha theluji wenyewe, au mwenzao ndiye aliyeiporomosha.

Ukisikia mshindo mzito chini ya miguu na theluji ikashuka kidogo, ondoka hapo. Kaa kwenye miteremko isiyofika digrii 30, na usipumzike chini ya ile mikali zaidi.

Ni kweli kelele huporomosha theluji? (Geneva)

Si kweli. Ni uzito: wako, wa theluji mpya, wa ile iliyosombwa na upepo. Au joto na mvua vinavyoilegeza.

Baridi ikizidi, theluji si ndiyo hushikana vizuri? (Bern)

Hapana. Baridi kali huhifadhi tabaka dhaifu kwa wiki nyingi.

Nimefika kilele cha Uhuru mara mbili, mita 5,895. Milima ya hapa haifiki hata 5,000. Niogope nini? (Kaka, Lausanne)

Hongera, kaka, lakini kule ulipita njia ya changarawe na majivu ya volkano. Adui yako alikuwa hewa nyembamba, na mwongozaji ndiye aliyeamua lini urudi. Hapa mteremko wa mita 2,200 tu unaweza kukufukia. Tafuta mwongozaji, umtii kama ulivyomtii yule wa Moshi.

Nimenunua mkoba wenye puto. Bado nahitaji kifaa cha mawimbi, kile cha kumtafutia aliyefukiwa? (Luzern)

Ndiyo, pamoja na fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, na sepetu, kwa kila mtu kundini, na mfanye mazoezi. Puto husaidia usifukiwe. Halikukingi na mwamba wala mti. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 hivi ana nafasi nzuri ya kuishi, kisha nafasi hiyo hushuka vibaya. Pigeni 1414, au 144 mkiwa Valais, lakini mara nyingi helikopta hufika dakika hizo zimepita. Waokoaji wako ni wale uliokwenda nao. Kama hawajui kutumia vifaa, usiende nao.

Tunawapeleka watoto kuserereka kwa vigari vya kuteleza kwenye theluji, hatutoki nje ya njia. Kuna hatari? (Mama wa wawili, Winterthur)

Njia iliyofunguliwa na kuwekwa alama hulindwa, mama; penye hatari wenye kituo cha michezo ya theluji huilipua theluji ya juu kabla hamjaamka. Ikifungwa msipite, hata mkiona wengine wanapita. Na rudini kabla ya saa ya kufunga. Jioni mashine za kusawazisha theluji hupanda zikishikiliwa na waya mrefu wa chuma. Waya huo hulala ndani ya theluji, kisha hukazika na kuruka juu ghafla, na gizani mtoto aliye kwenye kigari hawezi kuuona.