Je, tamasha la muziki linaweza kulinda msitu?

Ndugu, umeuliza kama tamasha linaweza kweli kuulinda msitu wa mvua, au kama yote huishia kwenye makofi ya ukumbini. Mfano ninaouamini zaidi ni wa Brazili: mwaka 1989 mwanamuziki Sting alizunguka nchi kadhaa pamoja na Raoni, kiongozi wa Wakayapo, wenyeji wa msitu wa Amazon, na mwaka huohuo ukaanzishwa mfuko wa Rainforest Foundation, ambao baadaye ulichangiwa na matamasha ya Carnegie Hall, New York. Jambo la msingi ni kwamba juhudi hizo hazikuelekezwa kwenye kupanda miti, bali kwenye kazi isiyo na mvuto wowote jukwaani, yaani kupima na kuweka mipaka ya ardhi ya wenyeji, na mwaka 1993 serikali ikaitambua rasmi ardhi ya Wakayapo iitwayo Menkragnoti, yenye hekta zinazokaribia milioni 5.

Sifa kubwa, hata hivyo, ni ya Wakayapo wenyewe, waliokuwa wakiidai ardhi yao kabla ya Sting kufika, na ambao hadi leo hupambana na wachimba dhahabu na wakata mbao (sidhani kama gitaa limewahi kumzuia mwenye msumeno). Kwa upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako tangu 2014 jamii ya wenyeji inaweza kuomba kukabidhiwa msitu wa hadi hekta 50,000, ningependa wasanii wa Kisangani wachangishe gharama za ramani na makaratasi ya maombi hayo.