Duka usifunge, ila mikono itoke kwenye ndoo

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41 na duka dogo la maua Sinza, huu mwaka wa tisa. Mwezi wa pili niligundulika na saratani ya titi la kulia. Nimeshafanyiwa upasuaji na tezi za kwapani zikatolewa, sasa nakwenda dripu ya dawa za saratani hospitali ya Ocean Road kila baada ya wiki 3. Nimemaliza dripu 4 za ile dawa nyekundu, Jumanne ijayo naanza dawa nyingine. Wateja hawajui, nisipokuwepo, binti wa dukani huwaambia nimesafiri. Mume wangu anataka nirudishe fremu nipumzike. Wifi yangu kasema mgonjwa kushika maua ya bibi harusi ni mkosi. Na wiki iliyopita nimetengeneza shada la msiba wa mama tuliyekuwa tunakaa naye benchi moja pale hospitali. Nilikosea jina lake kwenye utepe mara mbili. Nifunge, Shangazi?" — Mama Maua, Sinza

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuugua. Na pole ya huyo mama wa benchi, maana sidhani kama kuna aliyekupa. Pale msibani wewe ulikuwa mtu wa maua tu.

Duka usifunge. Nakujibu mapema ili usiendelee kusoma huku moyo unadunda. Mwenye duka la nguo anaweza kufunga miezi 6 akayakuta madera yake yanamsubiri. Wewe ukifunga, wateja wako wa harusi watatafuta pengine, na kuwarudisha ni kazi ya miaka. Tena barua yako ilikuwa ndefu, hapo juu nimeifupisha, na ndani yake umesema kwamba saa pekee ambayo huuwazi ugonjwa ni ile unapochomeka maua kwenye sponji. Siwezi kukwambia uitupe saa hiyo.

Lakini mikono yako itoke kwenye ndoo, na hapa naomba unisikilize sana.

Ndoo ya siku ya tatu unaijua. Maji yamekuwa kama chai ya rangi iliyolala, vikonyo vimeota utelezi, ukichomoa waridi moja harufu inakupanda puani. Utelezi ule ni bakteria. Binti wa dukani akichomwa na mwiba mle ndani, atanawa aendelee na kazi. Wewe dripu inashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, na kwa dawa nyingi zinakuwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Mwiba uleule unaweza kukulaza. Hospitali nyingi haziruhusu maua mabichi kwenye wodi za wagonjwa walioshuka kinga, sababu ni hiyo hiyo. Udongo wa kwenye vyungu nao una ukungu unaoweza kuingia mapafuni, kwa hiyo kubadilisha vyungu iwe kazi ya mwingine.

Halafu kuna hii dawa unayoanza. Baada ya ile nyekundu wengi hupewa paclitaxel. Uliza kama na yako ndiyo. Inawafanya watu wengi wafe ganzi vidoleni. Nilimuuguza dada yangu, alikuwa fundi cherehani, naye alipofika hapo hakutaka kuacha kazi. Siku moja nimekaa naye anapinda gauni jeupe la komunyo, nikaona doa jekundu kwenye pindo, likafuatia la pili. Sindano ilikuwa imemwingia kidoleni na yeye anaendelea kuniuliza habari za watoto. Hakuwa amehisi kitu. Kwa hiyo, mwanangu, kisu cha kukatia vikonyo mpe binti. Miiba aitoe yeye, maji amwage yeye, kila siku, asingoje ya tatu. Naye avae glovu ndefu za mpira, kwa sababu maua ya mashambani yanapigwa dawa za wadudu. Watafiti wa Ubelgiji walizipima glovu za wauza maua wakakuta mabaki ya dawa za aina nyingi sana. Nawe usishike ua bila glovu, hata moja la kuonjesha macho.

Mkono wa kulia ndio wa kuulinda zaidi, kwa sababu ya tezi zilizotolewa. Usibebe ndoo kwa mkono huo. Ukiona unajaa, unakuwa mwekundu au wa moto, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na daktari wako anajua unafanya kazi gani? Faili lako nadhani limeandikwa "mfanyabiashara". Muuza vocha naye ni mfanyabiashara. Mwambie kwa maneno yako: nashinda na maji ya maua, miiba na udongo. Huenda akakupa masharti makali kuliko haya yangu, na hapo umfuate yeye. Nunua kipimajoto ukiweke kaunta, pembeni ya mkasi. Kikisoma 38 au zaidi unakwenda hospitali, hata kama ni usiku wa kuamkia harusi. Usimeze Panadol ukalala kusubiri; itaficha homa huku maambukizi yanakwenda.

Sasa chukua kalenda. Dripu yako ni Jumanne, na harusi zako nyingi ni Jumamosi. Jumamosi ya kwanza ni siku ya 5, mwili umechoka. Ya pili ni siku ya 12, kinga ipo chini. Ya tatu ni siku ya 19, na Jumanne inayofuata unarudi kwenye dripu. Una Jumamosi moja katika tatu, kama vipimo vya damu vikikubali. Harusi kubwa zipange hiyo moja, ukae kwenye kiti, uelekeze. Hizo mbili mpe mwenzako wa maua mnayeaminiana, mkubaliane asilimia yako kabla mteja hajalipa kianzio. Binti abaki na shada dogo la mkononi na maua ya zawadi. Umesema ni mwaminifu ila mkono wake mzito. Basi mfundishe sasa, ukiwa umekaa hapo unamwangalia. Wewe ulijifunza kwa kuharibu maua ya nani?

Kama una mkopo wa kikundi, nenda kwa mwenyekiti kabla ya rejesho kukwama. Anayetangulia kusema husikilizwa tofauti.

Hiyo safari ya uongo ifupishe. Wateja wako wanajua kuhesabu, na mtu anayesafiri kila wiki 3 bila kusema anakwenda wapi atatungiwa mengi. Huna deni la kumweleza kila mtu titi lako. Andika hivi uwatumie: "Nipo kwenye matibabu, duka liko wazi, oda za harusi napokea kwa tarehe maalumu, tafadhali wahi." Atakayeuliza zaidi, wewe ndiye unayeamua.

Kuhusu wifi yako, neno lake limeniuma. Saratani haiambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja wala kupokea ua. Mwenye kumwambia hivyo ni kaka yake, siyo wewe. Mumeo nadhani anaogopa, na mwanamume akiogopa husema funga. Mpe kazi ya kushika: maboksi ya waridi yakishuka na basi la Arusha pale Mbezi, akayachukue yeye, ayafikishe dukani, ajaze ndoo maji. Atakuona ukiwa kazini, na huenda akaelewa kwa nini hutaki kuirudisha fremu.

Nimeliacha shada mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niiweke barua yako mezani siku nzima nisiijibu.

Mashada ya misiba usiyapokee kwa sasa, mpaka umalize dripu. Yanaleta hela, najua, na hela ya msiba hailipwi kwa kukopa. Hata hivyo, mtu anayetoka kuchomwa sindano Jumanne hapaswi kukaa Alhamisi anaandika "Pumzika kwa amani" kwenye utepe mweupe. Mteja akija, binti amwelekeze kwa mwenzako.

La huyo mama lilikuwa jambo jingine, na sioni kosa lolote ulilofanya. Jina lake uliliandika mara tatu mpaka likakaa sawa. Umeniandikia kwamba tangu siku hiyo hujalia wala hujamtaja kwa mtu yeyote. Jumanne ukifika, mwambie muuguzi anayekuwekea dripu kuwa shada la yule mama ulilitengeneza wewe. Amewahudumia wote wawili, na anajua ni nani aliyekuwa akikaa pale pembeni yako.