Vidole vyavimba nikikimbia: nizidishe maji?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naishi Malindi, nina kilo 64. Shangazi yangu aliyenilea alifariki kwa saratani ya matiti, na mwezi wa kumi nataka kukimbia maratoni Nairobi nichangishie shirika linalosaidia wagonjwa. Kila Jumapili natoka saa kumi na moja alfajiri, barabara ya kuelekea Gede, kilomita 12 kwenda na 12 kurudi, kwa saa tatu. Nakunywa chupa nane za nusu lita, maji matupu, kwani niliambiwa ninywe kabla ya kusikia kiu. Nikirudi kichwa chauma, nasikia kichefuchefu, na pete ya shangazi imenikwama kidoleni. Mizani yasoma 64.8, na njiani sikwenda haja. Niongeze maji? Na michango niipokee kwa namba yangu ya simu?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Mungu amrehemu shangazi yako.

Maji usiongeze. Punguza, tena kuanzia Jumapili hii. Mtu aliyekimbia saa tatu hapa pwani hutarajiwa kurudi mwepesi kuliko alivyotoka. Wewe umerudi na gramu 800 zaidi. Ulikunywa lita nne, kwa hiyo jasho lililokutoka ni kama lita 3.2, sawa na lita moja na kidogo kwa saa. Yaliyobaki yameingia mwilini yakazimua chumvi ya damu, na damu ikipungua chumvi maji huhamia kwenye chembe za mwili. Ndiyo maana vidole vimevimba. Ubongo nao huvimba vivyo hivyo, ila fuvu halina nafasi ya kutanuka, na hapo ndipo kichwa na kichefuchefu vinapoanzia. Hali hii ikizidi, mtu huchanganyikiwa, hutapika, hupata degedege, na anaweza kufa. Wanaopatwa zaidi ni wakimbiaji wa mwendo wako, wanaokaa barabarani saa tano na kupita kila meza ya maji.

Kunywa ukisikia kiu, kwa mafunda, na kwa joto la Malindi usipite mililita 700 au 800 kwa saa. Ukirudi na kilo 63 hivi, uko sawa. Jipime upya: nenda haja, vua nguo, panda mizani, kimbia saa moja kwa mwendo wa mashindano, jifute jasho, panda tena. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho. Jumlisha na maji uliyokunywa. Rudia msimu wa kaskazi ukifika, kwani joto huzidi; na hewa ikishiba unyevu jasho huchuruzika badala ya kukauka, na jasho linalochuruzika halipozi mwili.

Wengi hudhani chumvi ndiyo tiba. Husaidia, lakini haimwokoi aliyezidisha maji. Changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, na ongeza tende ndogo tano kila saa kwa ajili ya nguvu. Dafu ni zuri ukishafika nyumbani. Lina potasiamu tele, lakini chumvi inayotoka na jasho ni sodiamu, ambayo dafu linayo kidogo. Siku ya mbio ndefu usimeze ibuprofeni wala diklofenaki: huzuia figo kutoa maji yaliyozidi.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Pumzi itakuwa fupi, basi anza polepole kuliko hapa. Alfajiri yake ni ya baridi, jasho litapungua, na maji nayo yapungue. Usibebe hesabu ya Malindi.

Ukitaka kukimbia na fulana ya kumbukumbu ya shangazi, jua fulana hizo zina kasoro moja. Picha kubwa ya marehemu ikichapwa kifuani huwa kama karatasi ya nailoni: haipitishi jasho, na kingo zake huchubua ngozi. Mwambie mchapaji aiweke ndogo, mgongoni, juu ya kitambaa chepesi kisicho cha pamba, na upake mafuta ya mgando kwapani na chini ya ukanda wa sidiria.

Michango isipite kwenye simu yako. Liombe shirika namba yake ya malipo na neno la kuandika kwenye akaunti, kila mtu atume moja kwa moja. Na waombe watoe kabla ya mbio. Ahadi ya “nitalipa ukimaliza” humsukuma mtu aendelee hata akiwa anayumba, na kilomita ya 35 si mahali pa kufikiria deni. Ukichanganyikiwa au kutapika, simama, usinywe chochote, na uwaambie wahudumu umekunywa kiasi gani.

Pete ivue kabla ya kutoka. Kidole kikishavimba, pete hukatwa kwa msumeno mdogo hospitalini, na hiyo si pete ya kukatwa. Itungie uzi imara, uivae shingoni ndani ya fulana.